Anayeng'ang'ania Njia: Kusubiri Ndani ya Keneli

Mazungumzo haya niliyatoa Mbeya, mbele ya mafundi wa kompyuta na wanafunzi wa programu. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Nimeondoa tu zile dakika ambazo projekta iligoma tukabaki tunatazamana.

Mwagonile! Na mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, kamwene. Wengine, shikamooni mnaostahili, na mliobaki habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, tazameni ile kompyuta iliyo mezani karibu na mlango. Ni kuukuu, feni yake mnaisikia mpaka huko nyuma. Tangu saa mbili asubuhi inaendesha programu moja ndogo iitwayo cyclictest, ambayo ilianzishwa na Thomas Gleixner wa Ujerumani. Kazi yake ni kama ya mtoto: inalala, inaomba iamshwe baada ya muda fulani, na ikiamka inatazama saa na kujiuliza, "Nimechelewa kuamshwa kwa kiasi gani?" Inaandika jibu, inalala tena. Mara elfu moja kila sekunde. Naomba asiiguse mtu. Tutaisoma tukimaliza.

Sasa niwaambie nilivyoingia kwenye mambo haya, maana sikuingia kwa kusoma. Niliingia kwa aibu.

Kuna kwaya moja huku Uyole iliniomba niwarekodi. Waimbaji kama arobaini, kinanda, ngoma mbili. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, mablanketi yamening'inizwa ukutani kuzuia mwangwi, na kompyuta ya mezani niliyopewa na rafiki ambaye zamani aliitumia kama seva ofisini kwake. Nikaweka Linux, nikachomeka kisanduku cha sauti, maikrofoni nne, tukaanza. Wimbo ukaenda vizuri mpaka ubeti wa mwisho, pale soprano wanapopanda na wengine wote wananyamaza. Tik. Kitu kidogo, kama mtu amevunja kijiti. Tukarudia. Ubeti wa kwanza safi, wa pili safi, kwenye kibwagizo: tik, tik-tik. Mara ya tano mwalimu wa kwaya, mama mmoja mpole sana, akavua miwani akaniambia, "Fundi, mashine yako inakohoa. Tuipe maji?"

Kwaya nzima ikacheka. Mimi nikacheka kwa nje.

Nilifanya ambalo kila mmoja wenu angefanya: nilinunua vitu. Nikaongeza kumbukumbu. Nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka ya chipu. Wiki iliyofuata nikabadilisha hata prosesa, nikapata ya kasi zaidi kutoka kwenye mashine iliyokufa. Jumamosi tukakusanyika tena. Ikakohoa.

Ngoja niweke hesabu mezani, kwa sababu bila hesabu hii mtadhani nazungumzia uchawi. Sauti nilikuwa naichukua kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kila sekunde. Kadi ya sauti haikabidhi sampuli moja moja. Inazijaza kwenye bafa, yaani kikapu cha kusubiria, na bafa yangu ilikuwa ya sampuli 128. Gawanya 128 kwa 48,000. Utapata milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, 2.7 hivi. Maana yake, kila baada ya milisekunde 2.7 kadi inapiga hodi: "Chukua hizi, nipe nafasi." Programu ya kurekodi ikiamshwa kwa wakati, mambo yanakwenda. Ikichelewa milisekunde nne mara moja tu katika dakika tano, kipande cha sauti kimepotea, na hicho ndicho kikohozi. Prosesa inaweza kuwa imekaa bure asilimia tisini ya muda wote huo. Haisaidii. Ni sawa na gari la wagonjwa lenye injini ya nguvu lililokwama nyuma ya lori.

Na hapo nimefika Kitonga.

Nani hapa hajawahi kukwama Kitonga? Hakuna mkono. Mnajua ilivyo: mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, kona juu ya kona, na semi limebeba shaba au kontena linapanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Nyuma yake basi, nyuma ya basi Noah, na nyuma kabisa gari la wagonjwa linapiga king'ora. King'ora kinasikika vizuri tu. Dereva wa lori anakisikia. Lakini ampishe wapi? Mpaka afike mahali palipotanuka, wote ni foleni yake.

Keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, sehemu inayogawa prosesa, kumbukumbu na vifaa, ilikuwa hivyo hivyo katika Linux ya toleo la 2.4, lililotoka Januari 2001. Programu ya kawaida ilikuwa inanyang'anywa zamu wakati wowote. Ikizidisha muda, mgawa zamu, ile sehemu ya keneli inayochagua nani atumie prosesa, anaiondoa, anaweka nyingine. Lakini programu hiyo hiyo ikiingia ndani ya keneli kuomba huduma, isomewe faili au ipewe kumbukumbu, hapo ilikuwa imeingia Kitonga. Hainyang'anyiki mpaka imalize, au mpaka yenyewe ikubali kulala. King'ora kinaweza kulia nyuma yake kitakavyo.

Mtauliza, kwani huduma moja ya keneli inachukua muda gani? Nyingi ni fupi mno, maikrosekunde chache, na maikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde. Shida ni zile chache ndefu. Chukua programu kubwa inayofungwa. Umefunga kivinjari, unadhani kimeondoka. Kumbe keneli ndiyo kwanza inaanza kukusanya vyombo. Kumbukumbu imegawanywa katika kurasa, na ukurasa wa kawaida ni baiti 4,096. Programu iliyokuwa imeshika gigabaiti moja ina kurasa 262,144 za kurudisha. Keneli inazipitia kwa kitanzi: ukurasa huu, rudisha, ukurasa huu, rudisha. Fikiria kitanzi hicho kikishika kufuli, yaani kizuizi cha kuwazuia wengine wasiguse kitu hicho, tangu mwanzo hadi mwisho bila kugeuza shingo. Kuna kingine kinachopita kwenye orodha ya majina ya faili zilizokumbukwa, maelfu kwa maelfu, kutafuta za kusahau. Kingine kinasogeza maandishi kwenye skrini. Kila kimoja kwa nafasi yake kinafanya kazi halali kabisa. Hakuna mwizi hapo. Kuna mtu asiyeachia njia.

Wakati huo watu wa muziki ndio waliopiga kelele kuliko wote, na nawapenda kwa hilo. Watu wa seva walikuwa wanauliza, "Kwa saa nzima mashine imehudumia wateja wangapi?" Watu wa muziki waliuliza, "Mara ile moja mbaya kuliko zote, ilikuwa mbaya kiasi gani?" Ni maswali mawili tofauti, na anayejibu la kwanza vizuri anaweza kabisa kushindwa la pili.

Tiba zilizoletwa zilikuwa mbili, na waliozileta walibishana sana.

Ya kwanza niiite tiba ya mfua njia. Ingo Molnar alikuwa ameianza, na Andrew Morton, mwandishi wa keneli kama yeye, akaiendeleza kwa toleo la 2.4. Unapima, unaona kona ipi inakwamisha watu, unakwenda pale pale unachonga mahali pa kupishana. Katika kitanzi cha kurasa, baada ya kurasa kadhaa, unaweka mstari unaouliza: "Kuna mwenye haraka kuliko mimi anayesubiri?" Kama yupo, achia kufuli, mpishe, kisha ulichukue tena uendelee. Inaonekana rahisi. Ubaya uko kwenye neno "uendelee". Ukishaachia kufuli, wengine wameingia. Orodha uliyokuwa unaipitia huenda imebadilika, ukurasa uliokuwa unafuata huenda haupo. Ukirudi na kudhani mambo yako ulivyoyaacha, utakanyaga hewa. Kwa hiyo kila mahali pa kupishana palihitaji mtu aketi afikirie upya: nikirudi hapa, nianzie wapi? Ni kazi ya jasho. Na keneli inakua kila siku, kona mpya zinazaliwa, kesho unaanza tena kupima.

Ya pili ililetwa na Robert Love na wenzake wa kampuni ya MontaVista. Hawa walitazama kitu ambacho wote walikuwa wanakiona kila siku. Keneli ilikuwa tayari imewekewa makufuli kwa ajili ya mashine zenye prosesa zaidi ya moja, ili prosesa mbili zisivuruge kitu kimoja kwa pamoja. Sasa, kama prosesa ya pili inaruhusiwa kuingia mahali fulani wakati wa kwanza yupo, basi hata kwenye prosesa moja hakuna ubaya kumnyang'anya aliyepo hapo zamu na kumpa mwingine. Makufuli yalikuwa yameshachora ramani ya sehemu za hatari bila kukusudia! Wakaweka kihesabio. Ukichukua kufuli, kinaongezeka moja. Ukiachia, kinapungua moja. Kikiwa sifuri, unanyang'anyika. Kwa lugha ya barabarani: popote unapigwa kando, isipokuwa ukiwa juu ya daraja jembamba. Hilo liliingia kwenye toleo la majaribio 2.5.4 Februari 2002, na watu wengi wakalipata Desemba 2003 toleo la 2.6 lilipotoka.

Nani alishinda ubishi? Wote wawili, kwa maoni yangu, ingawa mashabiki wao hawakupenda jibu hilo. Unyang'anyi wa popote haugusi madaraja. Kufuli likishikwa milisekunde kumi, kihesabio hakiwi sifuri kwa milisekunde kumi, na king'ora kinaendelea kulia. Ikabidi mfua njia arudi na sururu yake afupishe madaraja. Na daraja refu kuliko yote lilikuwa lile kufuli kuu la keneli nzima, lililowekwa mwaka 1996 katika toleo la 2.0 ili mashine za prosesa nyingi zifanye kazi haraka-haraka bila kufikiri sana. Lilipangwa kuwa la muda. Wa mwisho kulifukia alikuwa Arnd Bergmann, mwaka 2011, katika toleo la 2.6.39. Miaka kumi na mitano ya "la muda". Mnaojenga vibanda vya muda Mwanjelwa mnaelewa.

Hapa kijana mmoja mbele aliniuliza: na mgawa zamu mwenyewe je, si yeye ndiye anayechelewesha? Swali zuri, nilijibu haraka na nitaliandika haraka. Kuna kusubiri mpaka aliyeko njiani aachie, na kuna kusubiri mgawa zamu achague anayefuata. Hilo la pili lilikuwa tatizo katika 2.4, kwa sababu mgawa zamu alikuwa anapitia foleni nzima kila anapochagua. Foleni ikirefuka naye anazidi kuchelewa. Ingo Molnar aliandika mwingine mwaka 2002 anayechagua kwa muda ule ule hata foleni iwe ndefu vipi. Mwaka 2007 akaleta wa tatu, anayejaribu kumpa kila mmoja haki yake sawa, na hakuficha kwamba wazo la haki lilisukumwa na Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyekuwa anaandika keneli baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Sijui nyinyi, mimi nikitoka kazini naangalia mpira. Na tangu toleo la 6.6, Oktoba 2023, yupo wa nne anayefuata hesabu zilizochapishwa mwaka 1995: kila kazi inapewa muda wa mwisho wa kuhudumiwa, na kazi inayoomba kipande kifupi cha muda inapata muda wa mwisho ulio karibu. Wote hao ni mafundi wa kuchagua. Hakuna hata mmoja anayeweza kumsaidia mtu ambaye mbele yake kuna lori kwenye kona.

Nirudi kwenye madaraja, maana kuna uovu mmoja pale ambao ukiuona mara ya kwanza unakataa kuamini.

Nikiwa kijana nilikaa likizo kwa mjomba wangu aliyekuwa ananunua viazi Uyole. Mzani ulikuwa mmoja. Siku hiyo kibarua mmoja alikuwa ameweka gunia lake mwenyewe juu ya mzani, lake binafsi, la chini kabisa kwa umuhimu. Dereva wa fuso la Dar es Salaam akafika, ana haraka, anataka kupima. Sawa, asubiri dakika moja kibarua asome kilo ashushe. Lakini kibarua ni kibarua. Mfanyabiashara wa kwanza akaita, "Kijana, lete kamba." Akaenda. Wa pili, "Kijana, hebu shika turubai hapa." Akashika. Wa tatu akamtuma vocha. Hao watatu wote hawakuhitaji mzani kabisa, na wote walikuwa wadogo kwa dereva. Lakini ndio waliomchelewesha dereva, bila hata kujua, kwa kumtuma mtu aliyeacha gunia juu ya mzani.

Mkubwa anamsubiri mdogo, na mdogo amezuiwa na wa kati. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mihiri. Kikaanza kutuma picha, dunia ikashangilia, kisha kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa inashika kufuli. Kazi kubwa ya kusimamia njia ya data ikawa inalisubiri. Na kazi za kati, za mawasiliano, zikawa zinampokonya mdogo zamu. Mlinzi wa mfumo akiona kazi kubwa haijakamilika kwa wakati anasema kuna hatari, anawasha upya kila kitu. Wahandisi wakalizalisha tatizo hilo kwenye mashine pacha iliyobaki duniani, wakagundua kwamba mfumo wao, VxWorks, ulikuwa na dawa tayari, ila kwenye kufuli lile ilikuwa imezimwa. Wakatuma amri mpaka Mihiri kuiwasha.

Dawa yenyewe? Ni ile aliyoitumia mjomba wangu, na hakuwahi kusikia habari za Mihiri. Alisimama akasema: "Kijana huyu, mpaka ashushe gunia lake, ni mtu wa dereva. Asitumwe na yeyote." Mdogo anaazimwa cheo cha mkubwa anayemsubiri, na akishaachia kufuli anarudi kwenye cheo chake. Basi.

Kundi lililochukua wazo hilo na kulipeleka kwenye keneli nzima ya Linux ni la akina Gleixner na Molnar, na mradi wao unaitwa PREEMPT_RT. Waliyageuza makufuli mengi ya kuzungukia, yale ambayo prosesa inasimama inazunguka hapo hapo ikingoja, yakawa ya kulala, yenye kuazimana vyeo. Hata mikatizo ya vifaa, ile hodi ya kadi ya mtandao na kibodi, ambayo zamani ilikuwa inamkatiza yeyote, wakaigeuza kuwa kazi zenye foleni na vyeo kama nyingine. Kwa hiyo unaweza kuamua kwamba hodi ya kadi ya sauti ni kubwa kuliko hodi ya mtandao. Karibu miaka ishirini viraka vyao, yaani mabadiliko waliyoyaandika, vilikuwa vinabebwa nje ya keneli rasmi, vinaingizwa kidogo kidogo. Septemba 2024 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakubali kipande cha mwisho, na toleo la 6.12 la Novemba 2024 ndilo la kwanza kuwa nacho ndani.

Na mnajua kilichobaki mpaka dakika za mwisho? Maandishi. Ile sehemu ya keneli inayoandika ujumbe: "nimeona diski", "nimeona kipanya". Ujumbe wa keneli lazima utoke hata mambo yakiharibika, hata mashine ikiwa inakata roho, kwa hiyo uandishi wake ulikuwa unafanyika pale pale, mikatizo imefungwa, hakuna kusubirishana. John Ogness alifanya kazi kwa miaka kuuandika upya ili ujumbe uwekwe kando na kuchapwa baadaye bila kumzuia mtu.

Nilipousoma mkasa huo nilishtuka, nikakimbilia chumba cha nyuma cha kanisa.

Nimewaambia mashine yangu ilikuwa seva. Seva nyingi za zamani zina mlango wa siriali, ule wa kutuma herufi moja moja kwa waya, na fundi wa zamani alikuwa ameacha kwenye mstari wa kuwashia keneli maneno yanayosema kila ujumbe uandikwe pia kwenye mlango huo, kwa kasi ya 115,200. Kasi hiyo ni ya biti. Kila herufi inakula biti kumi. Kwa hiyo ni herufi 11,520 kwa sekunde. Ujumbe wa herufi mia unachukua karibu milisekunde 8.7. Upande wa pili wa mlango huo hapakuwa na kitu, hata waya. Keneli yangu ilikuwa inalisomea shimo tupu barua, herufi kwa herufi, mikatizo imefungwa.

Barua gani? Onyo kuhusu kadi ya Wi-Fi: imefanya kosa dogo, na kosa limesahihishwa. Limesahihishwa! Hakuna lililoharibika. Lakini onyo lina mistari kadhaa, na kila mstari ni milisekunde zake. Prosesa ilikuwa na viini vinne, kama prosesa nne ndani ya moja, kwa hiyo kikohozi kilitokea pale tu barua ilipoandikwa na kiini kile kile kilichokuwa kinaipokea sauti. Ndiyo maana ubeti wa kwanza safi, wa pili safi, kibwagizo kinakohoa. Na ndiyo maana prosesa mpya haikusaidia: mlango wa siriali hauendi kasi kwa sababu umenunua prosesa.

Nilifuta maneno yale. Hayazidi ishirini herufi. Jumamosi iliyofuata tulirekodi nyimbo sita mfululizo.

Sasa msitoke hapa mkaweke PREEMPT_RT kila mahali. Nendeni kwenye mashine ya kusaga saa za jioni mkaone. Mwenye mashine akimkatiza mwenye gunia la dona katikati ili amsagie mama mwenye debe la sembe, mama anafurahi. Lakini kuna kusafisha, kuna kubadilisha chekecheo, kuna unga unaobaki kwenye bomba. Akifanya hivyo kila dakika, mpaka usiku atakuwa amesaga nusu ya anachosaga kawaida. Prosesa nayo ina akiba yake ya karibu, iliyojaa data ya kazi iliyokuwepo. Ukibadilisha kazi, akiba hiyo inaanza kujazwa upya. Seva ya hifadhidata ya chuo haihitaji kuamka ndani ya maikrosekunde hamsini. Iacheni isage magunia. Studio, mashine ya kiwandani inayokata chuma, roboti, hizo ndizo zenye sababu.

Na mkianza kuwinda, anzeni kupima kabla hamjagusa chochote, na mpime huku mashine imebanwa kazi: inakili mafaili, inafungua na kufunga programu kubwa, mtandao unashuka. Mashine iliyolala haina foleni, mtapata namba za kujivunia bure. Wastani msiutazame. Tazameni safu ya mwisho, ile ya juu kabisa. Wakati mwingine mtakuta mkosaji hayuko hata kwenye keneli: prosesa imezama usingizi mzito wa kuokoa umeme na inachukua muda kuamka, au programu ya ubao mama inajichukulia prosesa kimya kimya bila kuiambia keneli. Huyo wa mwisho nimeshindana naye mara mbili, mara zote mbili nikabadilisha ubao.

Haya. Nani yuko karibu na mlango? Wewe dada, tusomee. Wastani?

"Tisa."

Maikrosekunde tisa. Na ya juu kabisa?

"Mia sita na kumi na mbili."

Hapana, soma vizuri. Nilipoingia ukumbini ilikuwa themanini na kitu.

"Mia sita na kumi na mbili, mwalimu."

Nani amechomeka simu yake kwenye mashine yangu?

(Kijana mmoja wa safu ya pili akainua mkono taratibu. Alikuwa na asilimia nne, akasema, na alidhani mlango wa USB hauhesabiki kuwa ni kugusa.)

Usichomoe kwanza. Njoo na kiti chako. Dada, andika saa, kisha mwache achomoe, ahesabu mpaka kumi, achomeke tena. Wengine sogeeni, skrini ni ndogo.